Lizi ya Harrier inaisha na familia imeongezeka: Prado, X5, XC90 au Alphard kwa mazingira ya Mwanza?

Ngosha wa Luchelele (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Harrier ninayotembelea ni ya lizi, yaani kukodi kwa mkataba mrefu, wa miaka mitatu; mkataba umeandikwa kwa jina la kampuni yangu ndogo, na unaelekea ukingoni. Walionikodisha wameshaanza kupiga simu nichague nyingine. Gari lenyewe sina ugomvi nalo, ugomvi ni siti. Tulipolichukua tulikuwa na watoto wawili. Wakaja mapacha. Na mama mkwe akishavuka kutoka Sengerema harudi wiki hiyo wala inayofuata. Harrier ni siti tano, hapo hakuna ujanja.

Wameniwekea nne mezani: Prado TX-L ya 2018 dizeli 2.8, BMW X5 dizeli 3.0 yenye siti saba, Volvo XC90 ya petroli, na Alphard 2.5. Zote zimetumika nje, zote usukani kulia. Mkataba ni miezi 36, kianzio asilimia 20, kikomo kilomita 20,000 kwa mwaka, matengenezo ni juu yao isipokuwa matairi. Bei wameandika kwa dola.

Mazingira: nakaa Luchelele, na kipande cha mwisho kuingia kwangu ni udongo na mawe, mvua ikinyesha ni korongo. Shule ya watoto iko Isamilo, kile kilima mnakijua. Kikazi naenda Geita kila wiki. Desemba tunashuka Dar kwa gari.

Nataka gari la kifahari, silifichi hilo. Nimefanya kazi, nataka familia ikae vizuri. Naomba uzoefu wa waliowahi kukodi kwa mkataba mrefu, hasa huku Kanda ya Ziwa. Na tafadhali mtu asiniambie Noah.

Dagaa Kauzu

Noah.

Kijana wa Pasiansi

Mkuu kwa marejesho ya miaka mitatu ya X5 unapandisha msingi na kuta Buswelu. Gari la kukodi ni kulipia kitu ambacho mwisho wa siku unakirudisha. Mimi hiyo hesabu hainiingii.

Bwana Kona ya Nyegezi

X5. Umri huu wa kulea ndio umri wa kuendesha gari lenye nguvu, ukistaafu utakaa kwenye Prado na wazee wenzako. Kwanza hapa mjini Prado kila mtu anayo: mkurugenzi anayo, mradi unao, mchungaji anayo. Ukipaki Rock City Mall unatafuta yako kwa namba.

Fundi wa Mabatini

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Naongea upande wa chini ya gari, hayo ya heshima nawaachia wenyewe.

X5 ni gari tamu, sibishi. Ile dizeli ya silinda sita ikitunzwa inavuta hadi unasahau mlima. Lakini sikiliza vitu viwili. Kwanza, zinatoka kiwandani na tairi zinazokimbia zikiwa hazina upepo, kwa hiyo nyingi hazina spea kabisa. Ulaya sawa, unatembea taratibu hadi gereji ya mbele. Wewe upasuke Lamadi usiku ubavu umechanika, gereji ya mbele yenye saizi yako iko wapi? Pili, hizi za siti saba mara nyingi nyuma zina mifuko ya hewa badala ya springi. Mfuko ukianza kuvuja, asubuhi unakuta gari limekaa kitako kama mbwa. Vumbi letu na mawe yetu havina huruma na ile mipira.

XC90 watu wanaiogopa kwa sababu ya jina tu. Kwa karatasi iko juu kuliko Prado: karibu sentimita 24 kutoka chini likiwa tupu, Prado 150 ni kama 22. Ila urefu siyo kila kitu. Prado imejengwa juu ya chesisi, ina gia nzito za kupandia, na tairi zake zina nyama. XC90 nyingi zinakuja na rimu kubwa na tairi nyembamba, jiwe moja la Luchelele linapinda rimu.

Alphard kwa kwako HAPANA. Iko chini, kama sentimita 16, ukiipakia watu saba inashuka zaidi. Bampa la mbele utalifunga kwa waya kabla ya Pasaka. Na ile milango ya kuteleza ya umeme, reli zake zikijaa mchanga mota inalia hadi inachoka.

Prado mafundi wapo kila kona, spea mpaka za vichochoroni. Hata mimi nitakula, sisemi kwa wivu.

Mama Mapacha wa Isamilo

Kaka Ngosha, mimi pia nina mapacha kwa hiyo nimekuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Naona wanaume mnazungumzia injini na mifuko ya hewa. Gari la familia linaanzia siti ya pili. Dereva anakaa vizuri kwenye gari lolote, hajawahi kulalamika dereva. Nenda na hao watoto wanne na huyo mama, WOTE, siyo wewe peke yako na funguo. Funga siti za watoto mbili katikati, halafu mwambie mkubwa aingie nyuma kabisa bila kufungua siti ya mdogo. Kwenye Prado hapo ndipo utakapojua. Siti ya tatu unaifikia kwa kukunja ya pili, na kama siti ya mtoto imefungwa pale, hakunjwi mtu. Na ukishasimamisha siti zote saba, nyuma kinabaki kibaraza cha kuweka begi moja na mkungu mdogo wa ndizi.

Mimi natumia Alphard ya dada yangu akisafiri. Fundi amesema kweli kuhusu kimo, kwake Capri Point lami inafika mlangoni ndiyo maana inamfaa. Lakini mlango ukifunguka wenyewe mvua inanyesha, mikono yote miwili ina watoto, unaona Wajapani walikaa na mama mmoja wakamuuliza. XC90 nimeikalia mara moja tu: siti ya pili ni tatu zilizojitenga, kila moja inasogea kivyake, na nyuma kabisa mtu mzima wa kimo cha kawaida anakaa bila magoti kufika kidevuni. Volvo wenyewe wanasema hadi sentimita 170.

Na mama mkwe magoti yake yakoje? Prado ni ya kupanda. Muulize.

Ngosha wa Luchelele

Dada asante, magoti sikuwa nimeyawaza kabisa. Fundi nimekusoma, Alphard naitoa. Mke wangu atanuna maana aliipenda zile siti za kulala.

Kijana wa Pasiansi, nyumba nimeshajenga, ndiyo hiyo yenye mawe mlangoni.

Mhasibu Ilemela

Mkuu Ngosha, wachangiaji wanajadili magari, mimi niulize vitu ambavyo hujaviandika. Kwenye lizi hulipii gari. Unalipia thamani ambayo gari linapoteza likiwa mkononi mwako, pamoja na riba ya pesa waliyoifunga humo. Sasa wao wamekadiria kila moja litabaki na thamani gani baada ya miezi 36? Hiyo namba ndiyo mkataba wenyewe na wewe hukuitaja.

Nikupe mfano kwa namba za kuchukulia. Gari la milioni 120, riba asilimia 18 kwa mwaka.

Wakisema litabaki na milioni 72: unalipia upungufu wa milioni 48 kwa miezi 36, ni kama 1,333,000 kwa mwezi. Riba inapigwa kwenye wastani wa 120 na 72, yaani 96, ni 1,440,000 kwa mwezi. Jumla kama milioni 2.77.

Wakisema litabaki na milioni 48: upungufu ni 72, sawa na milioni 2 kwa mwezi. Riba kwenye wastani wa 84 ni 1,260,000. Jumla milioni 3.26.

Gari lile lile, bei ile ile, riba ile ile. Tofauti ni karibu laki tano kila mwezi, zaidi ya milioni 17 mpaka mwisho, na hapo VAT ya asilimia 18 sijaigusa. Prado kila mtu anajua haishuki bei. Kwa hiyo ukiona marejesho ya Prado yanalingana na ya X5 yenye bei ileile ya kununulia, kuna mtu amekukadiria Prado kama vile ni X5, halafu baada ya miaka mitatu ataiuza kwa bei ya Prado.

La pili, dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei na kulipwa kwa fedha ya kigeni. Waambie waandike shilingi. Kipato chako cha Geita na Mwanza kinaingia kwa shilingi, kwa nini ubebe wewe kuyumba kwa dola?

La tatu, kwa kuwa mkataba ni wa kampuni na gari analipanda mkurugenzi na familia yake, TRA wanaihesabu kama faida ya ajira na wanaangalia ukubwa wa injini. Gari la chini ya miaka mitano: injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni shilingi 500,000 kwa mwaka zinaongezwa kwenye kipato chako kinachotozwa kodi, zaidi ya 2,000 hadi 3,000 ni 1,000,000, zaidi ya 3,000 ni 1,500,000. Likizidi miaka mitano viwango vinakatwa nusu. Prado 2.8 na X5 3.0 ziko kundi moja. XC90 za toleo la pili zote ni injini ya lita 2, cc 1,969, ziko kundi la chini. Siyo pesa ya kubadilisha uamuzi, lakini ijue. Na VAT ya gari la abiria usihesabu kurudishiwa kwenye ritani zako, sheria imeizuia kwa asiye na biashara ya magari.

Swali la mwisho na ndilo muhimu: mkataba wako wa SASA, Harrier, unasemaje mwisho wake? Kurudisha tu, au una haki ya kununua kwa bei iliyoandikwa?

Bwana Kona ya Nyegezi

Mhasibu umeua uzi. Watu walikuja kupiga stori za magari.

Sangara Mkavu

Niko Geita. Nashangaa hakuna aliyegusa kikomo cha kilomita. Ngosha unakuja huku kila wiki, kwenda na kurudi ni kama kilomita 240. Hiyo peke yake kwa mwaka inakula zaidi ya 11,000 kati ya 20,000 zako. Bado shule, bado Sengerema, bado Dar ambayo kwenda tu inapita 1,100.

Na kuna jambo limebadilika. Enzi za kivuko pale Kigongo ilikuwa ukifikiria foleni unaahirisha safari, au unaacha gari upande wa pili unavuka kwa miguu. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ni kilomita tatu, dakika chache uko Busisi. Watu wanaenda Sengerema kula samaki Jumamosi na kurudi. Mimi mwenyewe usomaji wa dashibodi umepanda sana tangu wakati huo. Sasa kama mkataba wako wa zamani ulipangwa enzi za kivuko, usinakili kikomo kile kile.

Mimi nilikuwa na lizi ya pikapu kwa kampuni moja, siitaji. Siku ya kurudisha wakanipigia hesabu ya kilomita za ziada, wakaongeza mikwaruzo ya ubavuni iliyosababishwa na miiba ya barabarani, wakaongeza kioo chenye alama ya kokoto. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, nilikisaini. Omba waeleze kwa maandishi uchakavu wa kawaida ni upi kwa gari linalotembea vumbi. Kokoto za malori ya huku siyo uzembe wa dereva.

Dagaa Kauzu

Na tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo? Gari la kukodi likipigwa tochi pale Magu au Misungwi deni linakaa kwenye namba ya gari. Elfu 30 mwenye gari anaiona kabla yako, halafu wengine wanakuongezea na gharama za usumbufu. Soma hicho kipengele pia.

Ngosha wa Luchelele

Nimetoka kufungua faili. Mhasibu ubarikiwe.

Mkataba wa Harrier una kipengele: nikimaliza marejesho nina haki ya kuinunua kwa milioni 24. Nilisaini wakati ule nikakisahau, na aliyenipigia simu wiki hii hakukigusa, alikuwa anasema "ukirudisha tu tunakupa nyingine". Nikamuuliza dalali mmoja wa magari hapa Makongoro bila kumwambia kwa nini. Harrier ya mwaka huo, hali hiyo, anasema akiiweka nje haivuki wiki kwa 38.

Mhasibu Ilemela

Ndiyo maana nikauliza. Wewe miaka mitatu umelipia kushuka kwa bei ambako hakujatokea. Hiyo tofauti ni yako, umeshailipia. Usiwaachie.

Andika barua ya kutumia haki ya kununua KABLA ya tarehe ya mwisho, maana mikataba mingi inataka taarifa ya siku kadhaa na ikipita imepita. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kadi ya gari iko kwa jina lao, kwa hiyo weka bajeti ya kuhamisha umiliki TRA. Baada ya hapo uiuze au umwachie shemeji, shauri lenu.

Kijana wa Pasiansi

Hapo sasa mmenielewesha kidogo. Kumbe unaweza kutoka na kitu.

Mtu wa Bukoba

Nichomekee. Mimi nimekaa na XC90 miaka kadhaa, ya kununua siyo ya kukodi, nikiwa Dar. Gari zuri kuliko yote niliyowahi kumiliki, watoto walikuwa wanalala kabla hatujafika Chalinze. Nilipohamia huku nikaiuza. Haikuwa mbovu. Ila ikiwasha taa moja ya njano kwenye dashibodi, fundi wa huku anaifuta kwa kompyuta ya jumla, kesho inawaka tena, na mwenye mashine yenyewe yuko Dar.

Kwa hiyo kwa kununua nisingekushauri. Kwa lizi yenye matengenezo juu yao ni hadithi nyingine, kwa sababu presha ni ya kwao. Mimi naona lizi imetengenezwa kwa ajili ya magari ya aina hiyo hasa: unakula utamu wa miaka mitatu, kichwa kinamuuma mwenye gari. Prado ungeweza kununua tu.

Fundi wa Mabatini

Mtu wa Bukoba umeongea vizuri lakini kuna tundu. Kichwa kinamuuma mwenye gari, ndiyo, lakini gari lisilotembea liko kwa nani? Wakisema "lete Dar tulitazame", hapo ni kulipakia juu ya lori, kilomita zaidi ya elfu moja, wiki tatu, wewe na watoto wanne kwenye bajaji. Marejesho ya mwezi huo yanaendelea kama kawaida.

Mtu wa Bukoba

Hiyo nakubali. Ndiyo maana waandike gari la kubadilisha.

Mama Mapacha wa Isamilo

Tena gari la kubadilisha lenye siti saba. Dada yangu aliwahi kupewa IST ya muda, kigari cha siti tano. Familia ya watu sita!

Mhasibu Ilemela

Basi Ngosha fanya hivi. Waandikie barua pepe moja, kipengele kimoja, kwa magari yote matatu: likilala gereji zaidi ya saa 48 mnanipa Mwanza gari lingine la siti saba, mkishindwa marejesho yanasimama kwa siku hizo. Usiwaulize gari gani ni imara, watakuambia yote. Angalia wanasaini lipi bila kusita. Wao ndio wanaojua kila moja linakaa gereji muda gani, wanalipa hizo bili.

Ngosha wa Luchelele

Imeenda jana. Nitaleta majibu.

Wakati tunasubiri, Jumamosi tulikwenda wote kama dada alivyosema. Mama mkwe Prado aliipanda kwa kushika kile kishikio cha pembeni na kumtaja Yesu mara mbili, akashuka akasema "nzuri, lakini mnijengee ngazi". Wakasema wanaweza kufunga kikanyagio cha pembeni, nimeomba kiingie kwenye bei. XC90 aliingia kama anaingia sebuleni kwake. Mtoto mkubwa akaenda siti ya nyuma ya XC90 akagoma kushuka. Kwenye Prado, kama ilivyotabiriwa, siti ya mtoto ilipofungwa nyuma hakuingiliki, ila tuligundua tukifunga siti zote mbili za mapacha upande mmoja na katikati, ule upande wa kushoto unabaki unakunjika. Wakubwa wawili wanapitia hapo.

Mke wangu kura yake ni XC90. Ameipiga kwa sauti.

X5 siti ya tatu ni ya kuwekea mkoba. Siyo ya binadamu, labda kwa aliyeikalia akiwa na miaka saba.

Bwana Kona ya Nyegezi

Mimi nilisema nguvu, sikusema siti 😂

Fundi wa Mabatini

Kama mnaelekea Prado, swali: hiyo 2.8 imetoka Japani moja kwa moja? Basi ina tanki la pili la AdBlue, yale maji ya kusafishia moshi. Yakiisha, ukizima gari haliwaki tena, na hapo fundi hana cha kufungua. Halafu ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Gari la kupeleka watoto shule, kilomita kumi, zima, washa, zima, kile kichujio hakipati joto la kujisafisha, kinaziba. Kwa bahati wewe unaenda Geita kila wiki, ule mwendo mrefu ndio dawa yake. Lakini iandikwe kwamba kichujio kikiziba ni matengenezo, siyo "uzembe wa mtumiaji". Kinauzwa ghali.

Petroli 2.7 haina mambo hayo yote, ila ukiwa na watu saba na kiyoyozi unapanda Isamilo itakunung'unikia. Ni farasi 163 na nguvu ya kuvuta (torque) Nm 246, dizeli yake ni 177 na 450. Hiyo namba ya pili ndiyo unayoisikia ukitaka kupita lori la mchanga.

Sangara Mkavu

Dizeli. Njia ya huku kupita malori ndiyo maisha yenyewe.

Ngosha wa Luchelele

Majibu yamekuja, na Mhasibu anastahili sato mzima.

Prado: wamekubali kipengele siku hiyo hiyo, neno kwa neno, saa 48, gari la siti saba, gereji yao hapa Nyakato. XC90: wameomba saa 48 ziwe "siku za kazi 21", na gari la kubadilisha liwe "lolote litakalokuwepo". X5: hawakujibu kuhusu kipengele, wakaleta ofa ya kunipunguzia kianzio.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimemwonyesha mke wangu hizo siku 21, akanyamaza, kisha akauliza nani atapeleka watoto Isamilo siku 21. Tumechukua Prado.

Tulipofikia baada ya mivutano: shilingi, siyo dola. Kikomo kilomita 35,000 kwa mwaka, marejesho yamepanda kidogo lakini ni nafuu kuliko faini ya kilomita za ziada waliyokuwa wameweka. Thamani ya mwisho wameipandisha, walianza na asilimia 40 ya bei, tumekutana kwenye 58, na haki ya kununua kwa bei hiyo imeandikwa. Kichujio na AdBlue ni juu yao, kikanyagio cha mama mkwe pia. Bima kubwa wanakata wao, asilimia 3.5 ya thamani, nimeomba nakala kila mwaka nione imelipwa kweli. Lililobaki ni matairi, wamegoma kabisa, nami nimeachia.

Harrier naichukua kwa hiyo 24. Barua imegongwa muhuri.

Dada wa Kisesa

Hongereni kaka. Naomba kuuliza jamani, mimi ni mwajiriwa, sina kampuni. Hizi lizi wanampa mtu binafsi? Na nitajuaje kampuni ni ya kweli, maana siku hizi kila mtu ana ofisi yenye viti vya kuzunguka.

Mhasibu Ilemela

Dada, wanampa. Watataka hati za mshahara, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na mara nyingi barua ya mwajiri. Kampuni za karadha, ndizo hizi za lizi, zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya sheria ya mwaka 2008, kwa hiyo omba kuona leseni, halafu ihakiki Benki Kuu wenyewe, usitosheke na fremu ya ukutani. Kabla ya kutoa kianzio, omba kuona kadi ya gari na uhakiki TRA kwamba mwenye gari ni huyo anayekukodisha. Wapo wanaokodisha gari ambalo wao wenyewe bado wanadaiwa benki, wakishindwa kulipa linakuja kuchukuliwa kwako na wewe hujachelewesha hata senti.

Kwako unatafuta la siti ngapi?